Nyayo za Vestina kwenye Karatasi ya Saruji

Wewe unayenisikiliza, hebu nikuulize: umewahi kuona miguu ya mtu mzima ikikua? Sisemi kuvimba. Kuvimba nakujua, hata goti langu hili la kushoto huvimba masika yakianza. Nasema kukua kama ya mtoto, mwaka hadi mwaka, kwa mtu aliyekwisha kuzaa na kuacha kurefuka zamani.

Mimi niliiona. Niliiona kwenye karatasi kabla sijaiona kwa mwenyewe, na nikanyamaza.

Mume wangu, Evaristi, alikuwa akitengeneza makatambuga, vile viatu vya tairi, pale Heru Juu, juu kidogo ya mji wa Kasulu. Tairi alizitoa kwa watu wa malori. Mteja akija, alikanyaga kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na Evaristi akauzungushia penseli bapa ya seremala. Penseli ilikuwa inatekenya ikipita chini ya kifundo, na watu wazima walikuwa wakicheka kama watoto. Evaristi hakusoma. Mimi nilifika darasa la sita kwa masista, huko Burundi, kabla hatujakimbia mwaka sabini na mbili. Kwa hiyo kuandika kulikuwa kazi yangu: jina la mtu, mwezi, mwaka. Kisha karatasi ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, juu ya nyingine. Mtu akituma neno kutoka shambani, "Nikatie mengine," Evaristi alishusha karatasi yake na kukata bila kumwita.

Hapa lazima nikueleze jambo. Kwetu unyayo si kitu cha kuchezea. Nilipokuwa mzazi mpya, mama mkwe wangu alinifundisha kufuta kwa mguu wangu nyayo za mtoto wangu pale kisimani, kwa sababu mtu mbaya akichota udongo wa unyayo amemchukua aliyepita. Watu wa Heru Juu walilijua hilo kama mimi. Ila kwa miaka mingi hakuna aliyezifikiria zile karatasi. Waliishia kutania tu: "Evaristi, sote umetutundika ukutani. Siku moja utatuchunga kama mbuzi!" Naye hujibu, "Nyie? Mbuzi wanalipa."

Vestina alikuwa jirani yetu, uzio wa minyaa tu ulitutenganisha. Mume wake ni Sylvesta, mkulima wa maharage na muhogo, mtu wa maneno machache. Vestina alikuwa mwembamba, uso mdogo wa mviringo, na kanisani aliimba sauti ya kwanza. Nilimwandika mara ya kwanza Septemba 1989. Mguu mzuri, nakumbuka, kidole cha pili kimezidi kile gumba kidogo.

Mwaka 1992 alirudi. Makatambuga yake yalikuwa bado mazima, tairi la lori haliishi upesi hivyo. "Yananibana, Mama Jeanne," aliniambia. Mimi ndiye Mama Jeanne. Evaristi akasema tairi limesinyaa kwa jua. Akamchora upya. Jioni nikaweka karatasi ya pili juu ya ya kwanza ili niandike, na penseli ikabaki hewani. Ya chini ilikuwa imepotea kabisa ndani ya ya juu. Nilizigeuza, nikazipanga kisigino kwa kisigino. Mbele ulizidi upana wa kidole changu, na pembeni hivyo hivyo.

Nikasema moyoni, Evaristi amezeeka, mkono unatetemeka. Nikaandika, nikatundika.

Mwaka 1994 alirudi tena. Safari hii alikuja pia na pete yake ya ndoa imezama kwenye kidole, nyama imeipanda pande zote mbili. Evaristi aliikata kwa tupa, taratibu, akimpulizia maji. Vestina hakulia. Aliutazama mkono wake juu ya goti, mkono mpana wa mtu wa kupasua mbao, kama mtu anayetazama mzigo alioachiwa na mwenzake. Karatasi ya tatu ikaimeza ya pili.

Basi mambo mengine yakaanza kuonekana hata kwa wasio na karatasi. Nyusi zilitokeza mbele. Taya likashuka na kupanuka, meno ya chini yakaachana, mpaka ukaweza kuona ulimi kati yake. Pua ikanenepa. Na sauti! Jumapili moja tulikuwa tukiimba, nikasikia sauti ya mwanamume kwenye benchi letu la wanawake. Nikageuka. Midomo iliyokuwa ikichezacheza ilikuwa ya Vestina, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo. Kuanzia Jumapili ile Vestina alikaa nyuma na hakuimba.

Kisha likaja la maziwa. Hili alinionyesha mwenyewe, tukiwa tunapepeta maharage nyuma ya nyumba. Kitenge chake kilikuwa kimelowa kifuani, pande zote mbili. Mtoto wake wa mwisho, Kudra, alikuwa na miaka saba. Mimba hana, hedhi ilikuwa imekatika miaka mitatu.

"Unamnyonyesha nani?" nilimuuliza, na nikajuta neno likiwa bado mdomoni.

"Hata mimi najiuliza," akanijibu kwa ile sauti nzito. "Asubuhi yanakuwa yametoka. Kama kuna mtu aliyekuja."

Tukaendelea kupepeta. Nywele za mikono zilikuwa zimenisimama, nakwambia, na jua liko utosini.

Lakini lililomvunja ni Kudra. Siku moja ya ukungu, ule ukungu wetu wa Kasulu unaoficha hata kisima, nikienda kuchota maji, niliona nyayo kwenye njia yenye tope: ndogo za mtoto, na kando yake kubwa mno, zenye michoro ya tairi ninayoijua kwa sababu mume wangu ndiye aliyeikata. Nikazifuata. Nikasikia sauti ya Kudra mbele yangu ikiuliza kwa adabu kabisa, kama anavyouliza mtoto kwa mgeni aliyefikia nyumbani:

"Na mama atarudi lini?"

Ile sauti nzito ikajibu: "Mama ni mimi, Kudra."

"Ego," mtoto akaitika ndiyo kwa Kiha. "Lakini yule mwingine?"

Sikuendelea. Nilirudi na ndoo tupu.

Mwaka 1997, baada ya Pasaka, Sylvesta alimpeleka mkewe Kibondo kwa mganga mmoja, Ndihokubwayo, aliyekuwa akisifiwa hadi kwetu. Walikwenda kwa lori, wakakaa siku nne. Vestina ndiye aliyenisimulia. Mganga alimgusa paji, akamgusa taya, alipofika miguuni akasita. Akauliza, "Nani aliwahi kuushika unyayo huu?" Sylvesta akasema hakuna. Mganga akasema, "Yupo. Amekufungia ndani ya kitu, anakupanua kidogo kidogo, na kile anachokitoa kwako anakijazia kwingine."

Sylvesta alifikiri njia nzima ya kurudi. Walipofika njia panda ya Kasulu, akasema neno moja tu: "Karatasi."

Kesho yake walikuja uani kwetu watu kama kumi na watano. Mbele yuko Harerimana, mwenyekiti wa kitongoji, fimbo mkononi, sauti kubwa kuliko mwili. Sylvesta alisimama nyuma yake, hakututazama.

"Evaristi," Harerimana alianza, "tunataka kuona stoo yako."

"Karibuni. Kuna panya, muwe wastaarabu nao."

"Usilete matani! Wangapi umewatundika humo?"

"Wote wanaovaa viatu. Na wewe umo, mwenyekiti. Mguu wako wa kushoto una kijinundu pembeni."

Wengine walicheka, kisha wakakumbuka na kuacha. Nikaona mtu mmoja, halafu wa pili, akiitazama miguu yake mwenyewe.

Harerimana akasema maneno ambayo sitayasahau: "Nyie mlikuja hapa na mikeka miwili. Tuliwapa ardhi. Leo mnatula kuanzia chini. Jumapili ijayo, baada ya misa, karatasi hizo zitachomwa hapa hapa mbele ya watu, na nyie mtaondoka. Jua la Jumapili likizama mkiwa hapa, mimi sitakuwepo kuzuia vijana."

Ilikuwa Jumatatu. Evaristi aliingia ndani akakaa juu ya rundo la tairi. Miaka ishirini na mitano tulikuwa tumelima pale. Watoto wetu wawili wamezikwa chini ya migomba yetu. Ndugu pekee aliyebaki ni mpwa wake aliyekuwa Kibondo, naye mwenyewe amepanga chumba.

"Nizichome leo," akasema. "Pengine watatulia."

"Ukizichoma umekubali," nikamwambia.

Jumatano Vestina alikuja kwa nyuma, kupitia uwazi wa minyaa. Alijigonga bega kwenye nguzo ya mlango, nguzo ya siku zote. Nilikuwa nimesimama kando yake, hatua moja, mkono wake wa kulia.

"Mama Jeanne?" akaita kuelekea ndani. "Upo?"

Nilinyanyua mkono wangu nikaupunga karibu na sikio lake. Hakugeuka. Nikaupunga tena. Alikuwa akitazama mbele tu, kama anayechungulia ndani ya mwanzi.

"Nipo hapa, mwanangu," nikasema, akaruka kwa mshtuko.

Aliniambia pembeni kulianza kuwa giza tangu mwaka jana. Kichwa kinamuuma hapa, nyuma ya macho, kila alfajiri. Jasho linamtoka hata kwenye baridi. Akasema amesikia kule Nyarugusu, kwenye kambi mpya ya Wakongomani, kuna zahanati inayopokea hata wanavijiji, na daktari wao ni mkimbizi kama wao ila amesoma sana. Mumewe hataki. Mganga alikataza dawa nyingine mpaka karatasi zichomwe.

"Nisindikize kesho," akasema. "Njia sioni vizuri."

Usiniulize kwa nini nilikubali. Wale wangeniona naye wangesema namwiba kabisa. Lakini miaka mitano nilikuwa nimezitazama zile karatasi na kunyamaza, na uzito wake niliujua mimi. Asubuhi nilishusha karatasi zote nne zenye jina lake, ya nne tukiwa tumeichora Januari ile, maana nilihofia zitachomwa nisipokuwepo, nikazikunja ndani ya kitenge changu na kuzifunga kiunoni. Tukapanda lori la unga wa mahindi.

Daktari aliitwa Léonard, mtu mfupi, shati lake limepigwa pasi hata katika lile vumbi la kambi. Hakumuuliza Vestina chochote kwanza. Alimsalimia kwa mkono, na akaushika ule mkono muda mrefu kuliko salamu.

"Mama, hapana ogopa," akasema kwa Kiswahili chao. "Zamani ulikuwa sura ingine, sivyo?"

Vestina akaanza kulia. Ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo usoni.

Alimpima macho kwa kidole, akikileta kutoka pembeni. Akapima damu, akapima mkojo, akausikiliza moyo. Akauliza maziwa, hedhi, kichwa. Kila alichouliza kilikuwepo, kana kwamba alikaa nasi kijijini. Kisha akauliza, "Hii mambo ilianza siku gani?"

Vestina hakujua. Nani anajua siku uso wake ulipoanza kuondoka?

Nikafungua kitenge. Nikazitandaza mezani: 1989, 1992, 1994, na ile ya Januari 1997. Daktari alivaa miwani. Alizipanga kisigino kwa kisigino, kama nilivyokuwa nikizipanga mimi, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na miguu minne ya mtu mmoja ikaonekana mmoja ndani ya mwingine.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi," nikasema. Nilidhani sasa ndipo nakamatwa.

"Miaka nane," akasema taratibu. "Bon. Mama, hii karatasi iko na faida kuliko mashine ambayo sina."

Nitakueleza kama alivyonieleza, kwa sababu nilimrudisha mara tatu mpaka nikaelewa. Ndani ya kichwa, nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama harage. Tezi hiyo hutia kwenye damu kitu kinaitwa homoni ya ukuaji. Ini likiipokea, nalo linatuma mjumbe wake mwingine mwili mzima kusema: jengeni. Kwa mtoto, mifupa hurefuka. Mtoto asiyeipata hubaki mfupi, hata ale vipi. Kwa mtu mzima haikomi, inabaki kidogo tu, kutengeneza nyama iliyochakaa, kuupa moyo nguvu, kuiweka sukari ya damu mahali pake. Lakini tezi ya Vestina imeota uvimbe, na uvimbe haujui kunyamaza. Unasema jengeni, jengeni, kama mpishi anayetia unga ugali ukiwa umekwisha kuiva. Mifupa ya mtu mzima haiwezi kurefuka tena, basi inanenepa: taya, paji, vidole, miguu. Ulimi na koo pia, ndiyo sauti. Hata moyo unakua, na moyo mkubwa si moyo mzuri. Na uvimbe wenyewe unasukuma mishipa ya macho iliyopita juu yake, ndiyo giza la pembeni, na unavuruga tezi, ndiyo maziwa.

"Uvimbe ya kuua haraka haingoji miaka nane," akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Hii inaenda polepole. Kuko vidonge vya kuipunguza, nitaomba. Na nitaandika barua aende Kigoma, kisha Dar es Salaam, wapige picha ya kichwa, pengine wapasue kupitia puani. Tukiwahi, macho yatabaki."

"Na uso?" Vestina akauliza.

Daktari alivua miwani. "Mifupa haitarudi, mama. Itasimama tu pale ilipofika."

Tulikuwa bado hatujatoka Sylvesta alipoingia. Alikuwa amepanda lori la pili, vumbi limemfanya mweupe hadi kope. Aliona karatasi mezani, akanikodolea macho. Nikajua akinishika hapa hakuna wa kuniamulia.

"Unamfanyia hata huku?" akaniambia.

Daktari Léonard alimkalisha. Alimrudia yote, harage, mjumbe, uvimbe. Sylvesta alisikiliza akiwa amekunja ngumi juu ya magoti. Daktari alipomaliza akauliza:

"Nani aliuweka?"

"Hakuna mtu. Umeota peke yake."

"Alikula nini?"

"Hakuna kitu alikula."

"Basi nani?" Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Lazima kuna mtu."

"Hakuna mtu, papa," daktari akasema.

Njia nzima ya kurudi, tumekaa juu ya magunia matupu, Sylvesta hakumtazama mkewe, hakunitazama mimi. Alikuwa akiitazama barabara ikibaki nyuma. Nilipomwambia Evaristi maneno ya daktari, alinisikiliza vizuri, halafu akaendelea kufunga vyombo vyake kwenye gunia. "Wataamini harage lisiloonekana, au karatasi inayoonekana?" akaniuliza. Nilimsaidia kufunga.

Jumapili ikafika. Baada ya misa walijaa uani kwetu, hata walioishi ng'ambo ya bonde. Zile karatasi nyingine zote zilikuwa zimetolewa stoo na kurundikwa chini, na upepo ulikuwa ukizichezesha, ukaona miguu ya watu wote wa kijiji ikijiinua na kujilaza. Hakuna aliyetaka kusimama karibu. Vestina alikuja na Kudra, akasimama peke yake kwenye minyaa. Zile zake nne nilikuwa nazo mimi, kiunoni.

Harerimana akawasha kibiriti. "Sylvesta, wewe ndiye mwenye shida. Sema, tuwashe."

Sylvesta alipita mbele. Akasema mambo ya tezi, akayachanganya, akaanza upya. Watu wakaguna.

"Daktari wa wakimbizi!" mmoja akapaza sauti. "Wamekulisha biskuti za msaada, Sylvesta?"

"Jibu moja tu," Harerimana akasema. Kibiriti kilikuwa kimemuunguza, akawasha kingine. "Huyu mtu ni mchawi au si mchawi? Wiki iliyopita ulikuja kunigongea ukiapa."

Sylvesta alimtazama Evaristi, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake la vyombo kama msafiri anayengoja gari. Kisha akageuka, mara ya kwanza tangu Nyarugusu, akamtazama mkewe: lile paji, lile taya, ile mikono mikubwa iliyomshika Kudra mabegani. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka kibiriti cha pili kikazimika.

"Nilitaka awe yeye," akasema. "Sikuwa na hakika hata ile siku ya kuapa. Nilitaka tu awe Evaristi. Angekuwa yeye, tungemfukuza leo, na kesho Vestina wangu angerudi."

Harerimana akakirudisha kibiriti mfukoni.